Ndege Ndogo Kwenye Chumvi ya Tanga: Mwongozo kwa Mhandisi Anayekuja kwa Zamu

Ofisa wa akiba katika jeshi la anga la Marekani hutumikia, kwa kawaida, wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka; siku zilizobaki yuko kwenye ajira yake ya kiraia. Mhandisi wa ndege anayefika Tanga kwa zamu, awe mtu wa akiba au wa mkataba anayepanda basi kutoka Dar es Salaam, anaishi kwa hesabu inayofanana na hiyo. Hesabu hiyo inagongana na chumvi. Mwongozo wa AC 43-4 wa mamlaka ya anga ya Marekani, ambao mafundi wa nchi nyingi huutegemea kwa kazi ya kutu, unataka ndege inayokaa mahali penye hali kali ioshwe kila siku 15, mahali pa wastani kila siku 45, na penye hali nyepesi kila siku 90. Kiwanja cha Tanga kiko kilomita chache tu kutoka ghubani, na kusi na kaskazi zote hukifikia zikitoka baharini. Hapa ni hali kali, hakuna ubishi. Toka wikendi ya zamu moja hadi nyingine ni wiki nne, kwa hiyo kuna uoshaji angalau mmoja ambao ni lazima ufanyike wewe haupo.

Kazi ya mhandisi wa zamu, basi, hupimwa kwa hali ya ndege siku ya ishirini baada ya yeye kuondoka. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa nia hiyo, kwa ndege mbili zinazoonekana sana pwani: Cessna 172 na zinazofanana nayo zenye injini ya pistoni, na Cessna Caravan yenye injini ya tabaini ya PT6A. Palipo na tofauti kati ya maelezo haya na mwongozo wa mtengenezaji wa ndege yako, fuata wa mtengenezaji. Kuosha anaweza kufundishwa mtu yeyote mwangalifu. Kufungua, kukwangua chuma na kurudisha ndege kazini kunasainiwa na mwenye leseni inayotambuliwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania.

Kwa nini usiku ni hatari kuliko mvua

Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi. Chumvi za magnesiamu zilizomo ndani ya maji ya bahari huanza mapema zaidi, karibu asilimia 33. Usiku wa Tanga unyevu hupita kiwango hicho kirahisi, hivyo vumbi la chumvi lililokauka mchana linageuka utando wa maji ya chumvi ifikapo alfajiri, hata kama haijanyesha wiki nzima. Mvua ya masika, kwa upande wake, huosha mgongo wa mabawa. Tumbo la ndege, sehemu za ndani za bawaba na sehemu zinazozunguka magurudumu hazipati hata tone la kuzisuuza. Ukiona ndege inang'aa juu, lala chini uitazame tumboni kabla hujamsifu mtu.

Bati la ndege nyingi ndogo ni aloi ya 2024, yenye shaba asilimia 4 na kitu. Shaba ndiyo inayoipa nguvu, na shaba hiyohiyo ndiyo inayofanya iliwe upesi. Kiwandani bati hilo huvikwa utando mwembamba wa alumini isiyo na shaba pande zote mbili, Alclad, ambao unaliwa kwanza ili kulinda kilicho ndani. Ukiukwangua ovyo kwa msasa mkali, umeivua ndege kinga yake.

Mfano wa mwisho wa njia hii unajulikana. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokuwa ikifanya safari fupifupi kati ya visiwa vya Hawaii, ilipasuka paa ikiwa angani. Ilikuwa imefikisha safari 89,680, na gundi ya maungio ya mabati yake ilikuwa imeachia na kuruhusu kutu na nyufa. Mhudumu mmoja alifariki. Caravan inayokwenda Pemba na Unguja haijazwi hewa ya shinikizo kama ile 737, kwa hiyo haitapasuka kwa namna ileile. Lakini hewa ya chumvi, safari fupi na maungio yanayonyonya maji ni yaleyale.

Vitu vya kuandaa kabla ya Jumamosi

Anza na maji. Maji ya bomba ya mjini Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, ni maji baridi, yanafaa. Tatizo ni maji ya visima vya karibu na bahari na yale yanayoletwa na gari bila mtu kujua yametekwa wapi. Nunua kipimo kidogo cha TDS, yaani cha chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani ya maji (miligramu kwa lita), kile cha mkononi wanachotumia wauza maji ya kunywa. Bahari inasoma 35,000 hivi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri husoma makumi tu. Mpaka tunaoutumia kwa suuza ya mwisho ni 500, na kwa injini tunataka maji ya chini ya hapo sana. Maji ya kisima yenye chumvi yatakauka juu ya bati na kuacha kile ulichokuja kukiondoa, tena umekisukuma hadi ndani ya maungio. Kwa Caravan andaa mapipa mawili ya lita 200. Kwa 172 pipa moja linatosha.

Sabuni iwe ya kuoshea ndege, inayolingana na kipimo cha MIL-PRF-87937, ichanganywe kama lebo inavyosema. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali kwa alumini na huacha mabaki. Jiki ni sumu kwa alumini na hata kwa chuma cha pua. Chupa yake isifike kabisa karibu na banda la ndege. Chukua spongi laini na vitambaa safi vya pamba. Dodoki liache bafuni kwa sababu linakwaruza rangi na vioo.

Vingine: tochi kali, kioo cha kukagulia chenye mpini, lenzi inayokuza mara 10, kipimo cha kina chenye sindano, waya wa nailoni wa kuzibulia matundu, vifuniko vya rangi nyekundu vyenye utepe mrefu, na bomba jipya la kupulizia dawa za shambani ambalo halijawahi kutiwa dawa.

Saa ya kwanza: tazama kabla hujatia maji

Kosa la kawaida la anayefika kwa zamu ni kuosha kwanza ili apate kuona vizuri. Uchafu ndio unaosema. Zunguka ndege ikiwa vilevile ulivyoikuta, na upige picha.

Mstari mweusi unaotoka nyuma ya ribiti unaonyesha kwamba ribiti hiyo inacheza ndani ya tundu lake, inajisaga na kutoa unga. Ukiosha, ushahidi umekwenda. Unga mweupe au wa kijivu kwenye ukingo wa maungio ni kutu ya alumini. Bati lililofura kati ya ribiti mbili ni dalili mbaya zaidi: kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo inayasukuma mabati yaachane. Telezesha kiganja juu ya mstari wa ribiti. Mkono huhisi uvimbe ambao jicho linaupita. Rangi iliyoinuka kwa njia nyembamba zinazopindapinda ni kutu inayotembea chini ya rangi, na kwa kawaida inaanzia kichwa cha skrubu au ukingo uliochunwa.

Vuta mafuta kutoka kila kitoleo, kwenye chupa angavu, kabla ndege haijasukumwa wala kutikiswa. Maji hutua chini ya mafuta ya taa ya ndege polepole: hesabu saa 3 kwa kila mita ya kina. Kwa petroli ya ndege ni dakika 45 hivi. Tangi la ndege ndogo halina kina kirefu, lakini kwenye ndege iliyojazwa mafuta dakika kumi zilizopita maji bado hayajatua chini, na kipimo chako kitakudanganya. Jet A-1, yaani hayo mafuta ya taa ya ndege, ikitoka na utelezi wa rangi ya kahawia au nyeusi, hiyo ni kuvu inayoishi pale maji yanapokutana na mafuta. Asidi yake hula sakafu ya tangi. Usiondoke bila kulishughulikia tangi hilo.

Mwisho wa mzunguko huu, fungua kifuniko cha betri. Kama kuna umajimaji umemwagika, jua kwanza ni betri gani. Asidi ya betri ya risasi huuawa kwa soda ya kuokea iliyoyeyushwa kwenye maji, mpaka povu liishe, kisha maji mengi. Betri ya nikeli na kadimiamu humwaga kemikali ya upande wa pili, nayo huuawa kwa siki iliyozimuliwa. Usibadilishane. Wala usichukue magadi badala ya soda ya kuokea: magadi ni makali kwa alumini, na mara nyingi yana chumvi ndani yake.

Kuosha

Osha asubuhi au jioni, ndege ikiwa kivulini na bati limepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kukiondoa. Bati la moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza, na mabaki hayo hushika unyevu.

Kwanza ziba: mrija wa pitoti na matundu ya hewa ya statiki (ndivyo vinavyovipa vipimo vya rubani mwendo na kimo), kihisi kinachoonya bawa linapokaribia kupoteza nguvu ya kubeba, mdomo wa injini na bomba la moshi. Funika magurudumu na breki. Vifuniko viwe vyekundu, vyenye utepe unaoning'inia, vihesabiwe, na idadi iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa rubani. Kamwe usizibe statiki kwa utepe wa gundi usio na rangi inayoonekana. Tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya Aeroperú iliruka kutoka Lima na utepe uliosahauliwa juu ya matundu ya statiki baada ya kuoshwa. Marubani walikosa kimo na mwendo sahihi gizani, ndege ikaanguka baharini, watu 70 wote waliokuwemo wakafa.

Lowesha ndege nzima kwa maji matupu ili chumvi ianze kuyeyuka. Paka sabuni kuanzia chini kwenda juu. Ukianzia juu, maji machafu huteremka kwenye bati kavu na kuacha michirizi. Acha dakika chache bila kukauka, sugua kwa spongi, kisha suuza kutoka juu kwenda chini. Tumia mpira wa kawaida wa maji. Mashine ya kuoshea magari ina shinikizo la kuingiza maji ndani ya beringi, bawaba na maungio na kusukuma nje grisi iliyokuwa ikivilinda.

Tumbo lipewe muda mara mbili ya mgongo. Kwenye njia ya moshi rudia sabuni, maana masizi ya injini hushika maji na yana asidi. Ndege iliyotoka viwanja vya udongo kama Saadani au Mashado ina tope jekundu kuzunguka magurudumu na nyuma ya flapu, yale mabapa ya ukingo wa nyuma wa bawa. Teremsha flapu zote, suuza reli na bawaba kwa mkondo mdogo. Ndege iliyolala mahali palipopeperuka vumbi la saruji au chokaa, na vumbi hilo si geni Tanga, ioshwe siku hiyohiyo: likilowa kwa umande linakuwa kali kama magadi, na alumini haistahimili.

Vioo vya ndege ndogo ni plastiki ya akriliki. Vimwagie maji mengi, osha kwa sabuni na kiganja kitupu ambacho hakina pete, ili mkono uhisi chembe ya mchanga kabla haijakwaruza. Petroli, asetoni na dawa za vioo zenye amonia hufanya akriliki ipasuke nyufa ndogondogo. Usifute kioo kikavu.

Sasa matundu ya kutolea maji. Yapo chini ya tumbo, kwenye kingo za nyuma za mabawa na mkia, na chini ya milango. Pitisha waya wa nailoni kwenye kila moja. Tundu lililozibwa kwa udongo wa nyigu hugeuza sehemu hiyo kuwa kisima, na hilo huharibu ndege kuliko uoshaji wowote uliorukwa. Ukitaka kujua kama mwenzako aliyeosha kabla yako alikuwa makini, angalia matundu haya.

Kausha kwa kitambaa na hewa ya shinikizo dogo, ondoa vifuniko ukivihesabu, kisha tia grisi mahali maji yamepita: bawaba, maungio ya usukani, beringi za nje. Uoshaji bila kulainisha ni nusu ya kazi.

Injini

Pratt & Whitney Canada, watengenezaji wa PT6A, wanataka injini inayofanya kazi kwenye hewa ya chumvi mfululizo isuuzwe kompresa, sehemu inayobana hewa, kila siku, na ile inayokutana na chumvi mara mojamoja isuuzwe kila wiki. Caravan ya Tanga inayokwenda Pemba iko kundi la kwanza. Suuza hii hufanywa baada ya safari ya mwisho ya siku. Chumvi iliyobaki hula vile vya kompresa usiku. Ikifika kwenye sehemu ya moto huungana na salfa iliyomo kwenye mafuta na kushambulia vile vya tabaini vikiwa vimewaka, na uharibifu huo hauponi kwa kuosha.

Iache injini ipoe hadi joto linalotajwa kwenye kitabu chake. Mafuta yafungwe, kiwashio kizimwe, hewa inayokwenda kabini ifungwe. Mirija ambayo mwongozo unaagiza itenganishwe, itenganishwe kweli, hasa ile inayopeleka hewa ya kompresa kwenye kidhibiti mafuta. Maji yakibaki humo, injini itasumbua kuongeza nguvu na utatafuta kosa siku mbili mahali lisipokuwepo. Zungusha kwa stata, pulizia maji safi injini ikishaanza kuzunguka, acha kabla haijasimama. Stata ya Caravan ikitumia umeme wa nje ina mpaka wake: sekunde 20, pumzika sekunde 120, sekunde 20, pumzika sekunde 120, sekunde 20, kisha dakika 60 za kupoa. Tumia betri ya nje, la sivyo asubuhi rubani atakuta betri imechoka na kuwasha kwake kutakuwa kwa moto mkali. Ukimaliza, rudisha mirija, washa injini na uiache ijikaushe kwa muda na nguvu vilivyoandikwa. Injini iliyosuuzwa na kuachwa mbichi ina hali mbaya kuliko isiyosuuzwa.

Injini ya pistoni adui wake ni kukaa. Kwenye injini nyingi za Lycoming shafti ya kamu iko juu ya krenki. Oili huteremka na kuiacha kavu, kutu ikianza huko inachimba vishimo kwenye kamu na vifuasi vyake, na vyuma vinaanza kuonekana kwenye filta. Dawa yake ni kuiruka. Safari ya saa nzima, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi, huchemsha maji yatoke ndani ya oili. Kuiwasha chini dakika kumi ili "isilale" huzalisha maji mapya ndani ya krenki bila kuyachemsha, na kuzungusha propela kwa mkono hufuta oili kidogo iliyobaki kwenye kuta za silinda. Yote mawili yanafanywa kwa nia njema na yote yanaharibu. Badilisha oili na filta kila saa 50 za kuruka au kila miezi 4, lolote litakalotangulia. Kwa ndege isiyoruka sana ni ile miezi inayotangulia, na wengi wanaisahau. Kama ndege itakaa zaidi ya siku 30, ihifadhi rasmi kwa oili ya kuhifadhia.

Kufungua na kutafuta

Jumapili ni ya ndani. Huwezi kufungua kila kitu kila zamu, kwa hiyo gawa ndege sehemu nne na kila mwezi ufungue sehemu moja kikamilifu. Haya yafuatayo, hata hivyo, yatazamwe kila unapokuja: sanduku la betri, chini ya sakafu karibu na mlango ambako abiria huingia na mchanga wa pwani na miguu mibichi, reli za viti, maungio ya nguzo za mabawa, na kebo za usukani.

Kebo ifutwe kwa kitambaa kikavu kwa urefu wake wote. Uzi uliokatika utashika kitambaa. Usitumie petroli wala kiyeyushi, maana kinaingia ndani na kuondoa grisi ya kiwandani, kisha kebo inaoza kutoka katikati huku nje inameta. Mahali kebo inapozunguka puli, ilegeze na uikunje kidogo uone ndani. Nyuzi zikitoa unga mwekundu ndani, badilisha.

Miguu ya nyuma ya Cessna ni chuma cha springi chenye nguvu kubwa. Mawe ya viwanja vya udongo huchuna rangi upande wa chini, kutu huchimba kishimo, na kwenye chuma cha namna hiyo kishimo kidogo kinatosha kuanzisha ufa. Rangi ya mguu irudishwe siku hiyohiyo unapoona imechunika, baada ya kutazama kwa lenzi.

Tafuta pia mahali chuma cha aina moja kimekutana na kingine. Skrubu ya chuma cha pua kwenye bati la alumini, waya wa kuunganisha umeme, kitako cha antena: maji ya chumvi yakiwa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu hizo zirudishwe zikiwa zimepakwa silanti ya kuzuia kutu ingali mbichi. Boliti za ndege zina utando wa kadimiamu. Boliti ya duka la vifaa vya ujenzi haina, na haina nguvu iliyothibitishwa pia. Usipige msasa kadimiamu, vumbi lake ni sumu.

Viota vya panya vitolewe vyote. Mkojo wa panya hutoboa bati jembamba kwa kasi ya kushangaza.

Kuondoa kutu

AC 43-4 inapanga kutu kwa kina: nyepesi ni vishimo visivyozidi inchi 0.001, yaani milimita 0.025, ya kati hufika inchi 0.010, yaani milimita 0.25; zaidi ya hapo ni kali. Kutu kali, au yoyote iliyobandua chuma tabaka kwa tabaka, haimalizwi na mtu wa wikendi. Simamisha ndege na uite mtu wa miundo.

Kwa nyepesi: ondoa rangi kuzunguka doa mpaka uone chuma safi pande zote. Tumia pedi ya nailoni au msasa wa alumini oksidi, ukitoka namba 240 kwenda namba 400 iliyo laini zaidi. Usitumie steelwool wala brashi ya chuma kwenye alumini. Chembe zake zinabaki zimejichomeka na kuanzisha kutu mpya baada ya wiki mbili. Endelea mpaka lenzi isione weusi ndani ya kishimo chochote, kwa sababu ukipaka rangi juu ya mabaki unakifungia kinachokula. Ulainishe mpito uwe bonde pana lisilo na ukingo. Pima kina, linganisha na mpaka wa mtengenezaji kwa sehemu hiyo.

Kisha dawa ya kromati, mfano Alodine 1200. Ina kromiamu inayosababisha saratani: glavu, miwani, barakoa, na maji ya suuza yakusanywe, yasimwagwe mtaroni. Weka bati likiwa mbichi kwa dawa kati ya dakika 2 na 5, mpaka rangi ya dhahabu hafifu itokee. Ikiwa kahawia yenye unga, umezidisha. Ondoa na urudie. Suuza bila kusugua, utando bado ni laini. Vitambaa vilivyotumika vilowekwe kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa, vikikauka vinaweza kushika moto vyenyewe.

Praima ya epoksi ipakwe siku hiyohiyo. Hapa ndipo Tanga inapoharibu kazi za watu wengi: bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutunga, na unyevu uwe chini ya asilimia 85. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri ndiyo nafasi yako. Praima iliyopakwa magharibi inashika umande, na mwezi ujao utaichuna kwa kucha.

Dawa ya kuzuia, na maegesho

ACF-50 au CorrosionX hupuliziwa ndani ya mabawa, mkia na chini ya sakafu kila mwaka, isizidi miaka miwili. Ni nyepesi, inatambaa ndani ya maungio na kusukuma maji. Ndege itadondosha mafuta siku kadhaa. Waambie wenyeji mapema wasije wakaosha. Isifike kwenye breki, mfumo wa oksijeni, wala mahali utakapopaka rangi wiki hiyo. Kwa sehemu zinazozunguka magurudumu na maungio yanayopigwa na maji, tumia ya nta kama LPS 3.

Turubai la plastiki lisilopumua lisivishwe ndege. Linafungia mvuke, na mchanga ulio chini yake unasugua rangi. Kamba za kufungia ziwe za nailoni au poliesta. Katani ni fahari ya Tanga, lakini ikilowa hujikaza na kuvuta mabawa, na ikikauka inalegea.

Karatasi ya kuacha

Mkabidhi mtu mmoja mwenye jina, kwa maneno na kwa maandishi, na umwone akifanya kila hatua mara moja mbele yako. Kila asubuhi: vuta mafuta, tazama maji. Kila jioni ndege ikiruka: suuza ya kompresa na aliyefundishwa, kisha vifuniko. Kila Ijumaa: matundu ya maji kwa waya wa nailoni. Siku ya 14: uoshaji kamili, maji yakiwa yamepimwa TDS, na picha mbili za tumbo zitumwe kwa WhatsApp, moja kabla na moja baada. Kabla hajaanza kuosha, apige pia picha ya kila doa ulilolizungushia kalamu, rula ikiwa pembeni. Kalamu iwe ya nta. Penseli ya risasi ni grafaiti, na grafaiti juu ya alumini huanzisha kutu yenyewe.

Kwenye kitabu cha ndege, usiandike "kutu imeondolewa". Andika namna hii: bawa la kushoto, upande wa chini, milimita 40 nyuma ya mstari wa ribiti wa spa (mhimili wa bawa) ya mbele, doa la milimita 12 kwa 8, kina baada ya kusafishwa inchi 0.0008, Alodine na praima siku hiyohiyo, lipimwe tena zamu ijayo. Anayekuja baada yako huenda akawa mtu mwingine, na tarakimu hizo ndizo zitakazomwambia kama doa limelala au linatembea.